Daftari la Msomaji kama Hati ya Historia ya Fasihi: Hadithi za Picha za Majagina na Wasomaji wa Kakamega

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa kufuata tarehe za uchapishaji. Mhakiki huanza na mwaka ambao kazi ilitolewa, akaiweka baada ya kazi iliyoitangulia na kabla ya ile iliyoifuata, kisha akaonyesha maendeleo ya utanzu unaohusika. Utaratibu huu una manufaa kwa riwaya na tamthilia ambazo huhifadhiwa katika maktaba. Unapotumiwa kuchunguza hadithi za picha za majagina, yaani mashujaa ambao uwezo wao unazidi ule wa binadamu wa kawaida, utaratibu huo hupotosha mengi. Superman alichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, Batman mwaka 1939, na Black Panther mwaka 1966. Huo ni mfuatano wa New York. Haukuwa lazima uwe mfuatano wa msomaji wa Kakamega.

Makala haya yanadai kwamba hati inayoweza kurekebisha kasoro hiyo ni daftari la msomaji mwenyewe. Daftari linalokusudiwa hapa ni la kawaida kabisa. Msomaji huorodhesha humo, tangu Januari hadi Desemba, kila toleo la hadithi za picha alilolisoma: jina lake, namba yake, tarehe aliyolisoma, mahali alikolipata au mtu aliyemwazima, na pengine maoni mafupi. Wahakiki wengi wangelichukulia kuwa ni pumbao la kijana. Hoja ya makala haya ni kuwa daftari hilo hurekodi jambo ambalo orodha ya mchapishaji haiwezi kulirekodi, nalo ni mpangilio ambao kwao majagina waliingia katika fikira za msomaji.

2.0 Mapokeo ya Kuweka Kumbukumbu

Desturi ya kuandika yaliyosomwa si ngeni katika taaluma. Charles Darwin aliweka madaftari ya vitabu alivyovisoma na alivyokusudia kuvisoma tangu mwaka 1838 hadi 1860. Wanahistoria wa sayansi huyategemea madaftari hayo kufuatilia jinsi fikira zake zilivyojengeka. Thamani yake kwao haitokani na ubora wa vitabu vilivyotajwa, kwani vingine vimesahauliwa kabisa, bali na mfuatano wake.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina mapokeo yake. Wanakili wa hati za tendi mara nyingi walihitimisha kazi kwa kutaja majina yao na tarehe waliyomaliza kuandika. Utendi wa Fumo Liyongo unaofahamika zaidi kwa wahakiki ni ule wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, nao una tarehe ya 1913. Liyongo mwenyewe ni shujaa wa karne nyingi kabla ya hapo. Kwa hiyo tarehe hiyo haisemi lolote kuhusu maisha yake, ila inaeleza ni lini masimulizi yake yalipita katika mkono fulani, katika mji fulani. Hiyo ni tarehe ya upokezi. Daftari la msomaji wa hadithi za picha linafanya kazi iyo hiyo kwa vyombo vya karne ya ishirini na ya sasa.

Magharibi mwa Kenya, ambako maandishi hayakuwa na historia ndefu kama ya Lamu, kumbukumbu ya miaka ilihifadhiwa kwa njia nyingine. Miongoni mwa Wabukusu, ambao huishi hasa Bungoma na vilevile kaskazini mwa Kakamega, tohara hufanyika katika miaka inayogawika kwa mbili, na kila msimu hupewa jina lake, aghalabu kutokana na tukio lililovuma wakati huo. Mtu hujitambulisha kwa msimu wake. Yafaa kukumbuka kwamba masimulizi ya asili ya tohara hiyo yenyewe yanamhusu jagina: Mango, aliyemuua nyoka Yabebe aliyekuwa akiangamiza watu. Hapa mwaka na shujaa vimefungamanishwa tangu awali. Kijana wa eneo hilo anayeandika daftarini ni shujaa yupi aliyekutana naye katika mwaka upi hajaanzisha jambo lisilo na mzizi kwao.

3.0 Njia ya Majagina Hadi Kakamega

Jagina wa kisasa aliyepata umaarufu mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 hakutoka Marekani. Alikuwa Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum ya Afrika Kusini. Hadithi zake zilisimuliwa kwa picha za kamera zilizopangwa kama vibonzo, na sura ya Spearman ilikuwa ya mwigizaji Jore Mkwanazi. Spearman hakuwa na uwezo wa kuruka angani. Hata hivyo, maadui wake, kama vile Rabon Zollo, walikuwa wa aina ile ile inayopambana na majagina wa Marekani, naye aliwashinda kwa namna ambayo askari wa kawaida asingeweza. Inastahili kuzingatiwa kwamba shujaa Mwafrika aliyevaa kofia ya kifahari na kuvuta sigara kubwa alitokana na nchi iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na akapendwa na wasomaji wa nchi zilizokuwa zimepata uhuru karibuni.

Aina hiyo ya usimulizi ilipata pia sura ya Kiswahili. Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ilichapishwa mwaka 1965, alihusika na Film Tanzania, jarida la hadithi za picha za kamera katika Kiswahili. Nchini Kenya, mfululizo wa Pichadithi wa miaka ya 1980, ambao jina lake limeunganisha picha na hadithi, uliwachora mashujaa wa masimulizi ya jadi, akiwemo Lwanda Magere wa Waluo. Frank Odoi, mchoraji Mghana aliyefanya kazi Nairobi mpaka alipofariki mwaka 2012, alimbuni Akokhan, hadithi ya watu wenye nguvu za ajabu zinazotokana na imani za Kiafrika. Kuanzia Februari 2010 likaja jarida la Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure, likiwa ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa.

Kakamega ilipokea matini hizi kwa masharti yake. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013, lakini reli haikuufikia. Ilifika Kisumu, na tawi lake likaishia Butere. Jarida la kutoka Nairobi lilifika mjini kwa barabara, likauzwa pamoja na magazeti, kisha likaanza safari ya pili isiyo na stakabadhi: kutoka kwa mnunuzi hadi kwa ndugu, kutoka kwa ndugu hadi bwenini, na huko mkono kwa mkono mpaka karatasi zikachakaa. Maktaba ya umma hubaki na kadi inayoonyesha kitabu kiliazimwa lini. Safari ya pili ya jarida haina kadi. Bila daftari la msomaji, haina ushahidi wowote.

4.0 Yanayofichuliwa na Daftari

Jambo la kwanza linalofichuliwa ni mpangilio. Mfano bora ni Black Panther. Alichapishwa mara ya kwanza mwaka 1966, miaka miwili kabla ya kipindi cha kuvuma kwa Spearman. Hata hivyo, kwa wasomaji wengi wa magharibi mwa Kenya, mlango wa kuingilia katika hadithi zake ulikuwa filamu ya mwaka 2018, iliyoonyeshwa kwa shamrashamra Kisumu mwezi Februari mwaka huo kwa kuwa mmoja wa waigizaji wake, Lupita Nyong'o, ana asili ya huko. Msomaji wa Kakamega aliyeanza kutafuta matoleo ya zamani baada ya filamu hiyo alisoma toleo la 1966 miaka 52 baada ya kutolewa kwake. Katika historia ya uchapishaji, T'Challa ni mtangulizi wa Akokhan na wa Shujaaz. Katika daftari la msomaji huyo, yeye ni mrithi wao. Mhakiki anayedai kwamba majagina wa Kenya ni mwigo wa wale wa Marekani hana budi kwanza kuuliza ni daftari la nani linalothibitisha dai hilo.

Jambo la pili ni mapengo. Hadithi ya mfululizo hutegemea msomaji kulipata toleo linalofuata. Tuseme msomaji ameandika kwamba alisoma toleo la kumi, akaruka hadi la kumi na tatu, kisha baada ya miezi mitatu akaazima la kumi na moja. Msomaji huyo alilazimika kuyabuni mwenyewe matukio yaliyokosekana, na baadaye kuyasahihisha. Nadharia ya upokezi, kama ilivyoendelezwa na Wolfgang Iser, inasisitiza kwamba matini huwa na nafasi zinazojazwa na msomaji. Katika Kakamega, nafasi hizo hazikuachwa na mwandishi pekee. Nyingine zilitokana na barabara, na bei, na rafiki aliyekawia kurudisha jarida.

Jambo la tatu ni lugha. Ororo, anayejulikana pia kama Storm, aliingia katika X-Men mwaka 1975. Mama yake anaelezwa kuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya, na hadithi inadai kuwa jina Ororo lina maana ya uzuri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili ashtuke, kwani kwake ororo ni kitu laini. Jina la mama, N'Daré, halifanani na jina la jamii yoyote ya Kenya inayofahamika kwake. Maoni ya neno moja au mawili pembeni mwa daftari, kwa mfano "jina si letu", ni uhakiki uliokamilika. Unaonyesha msomaji akikataa picha ya nchi yake iliyochorwa mbali, huku akiendelea kuifurahia hadithi.

Kutokana na mambo hayo, linganisho la mashujaa hupata msingi imara zaidi. Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Siri ya Lwanda Magere ilikuwa katika kivuli chake. Superman hudhoofishwa na jiwe la kryptonite. Kufanana huku kumetajwa mara kwa mara kama jambo la maumbile ya masimulizi duniani. Daftari humwezesha mhakiki kuuliza swali mahususi zaidi: je, msomaji huyu alimjua Magere kabla ya Superman? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi kryptonite kwake haikuwa uvumbuzi. Ilikuwa kivuli kingine.

5.0 Mipaka ya Hati Hii

Si vyema kulitukuza daftari kupita kiasi. Anayeliweka ni mtu aliyejua kuandika, aliyekuwa na daftari la ziada, na aliyekuwa na mahali pa kulificha. Wasichana waliobebeshwa kazi za nyumbani walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kusoma, na ndogo zaidi ya kuandika walichosoma. Waliosikiliza tu mwenzao akisimulia toleo zima hawamo kabisa.

Kuna pia tatizo la unafiki wa orodha. Mwaka 1954 Fredric Wertham alichapisha nchini Marekani kitabu kilichozishutumu hadithi za picha kuwa zinaharibu watoto, na Uingereza ikapitisha sheria dhidi ya machapisho ya namna hiyo mwaka 1955. Dhana hiyo iliingia pia katika madarasa ya Afrika Mashariki, ambako jarida la vibonzo lilinyang'anywa na kitabu cha kiada kikatumiwa kulifichia. Mwanafunzi aliyetakiwa kumwonyesha mwalimu orodha ya vitabu alivyosoma hakuandika humo jina la Spearman. Hivyo mtafiti anaweza kukuta orodha mbili za mtu mmoja, ya mwalimu na ya nafsi, na tofauti iliyo baina yake ikawa ndiyo data yenye maana kuliko zote.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba historia ya hadithi za picha za majagina nchini Kenya haiwezi kuandikwa kutokana na tarehe za uchapishaji pekee. Inahitaji tarehe za usomaji, na hizo zimo katika madaftari ya wasomaji au katika kumbukumbu zao. Jambo hili lina uharaka. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 alipomsoma Spearman mwaka 1970 alizaliwa mwaka 1955, na sasa amevuka miaka 70. Majarida yake yamechakaa, na daftari lake, kama lilikuwapo, huenda lilichomwa pamoja na karatasi nyingine za shule.

Idara za fasihi, hususan zile zilizo karibu na wasomaji hawa kama za Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na cha Maseno, zinaweza kuwatuma wanafunzi wa uzamili kuwahoji wazee hao na kuunda upya orodha za usomaji wao, kwa kuhifadhi siri ya majina yao. Sambamba na hilo, mwanafunzi wa leo anayesoma hadithi za picha kwenye simu ahimizwe kuandika alichosoma, siku aliyokisoma na aliyemwonyesha, kwa kuwa simu ikipotea hata karatasi iliyochakaa haitakuwapo. Kazi hiyo ni ndogo na gharama yake ni ya daftari moja kwa mwaka. Isipofanywa, mhakiki wa kizazi kijacho atakuwa na tarehe zote za New York na Johannesburg, na hatakuwa na hata moja ya Kakamega.