Mabegi ya safari ya baiskeli

Mabegi ya safari ya baiskeli ni mabegi yanayofungwa kwenye baiskeli ili msafiri abebe nguo, chakula, maji, hema na vifaa vya matengenezo bila kujitwisha mzigo mgongoni. Kuna makundi mawili makuu: mabegi ya pembeni yanayoning'inia kwenye keria, na mabegi yanayofungwa moja kwa moja kwenye fremu, usukani na siti. Tela la kukokotwa nyuma ni njia ya tatu. Uchaguzi mzuri hufuata mpangilio huu: kwanza mzigo, kisha njia, kisha baiskeli, na begi mwishoni. Anayeanza kwa kununua begi huishia kutafuta vitu vya kulijaza, na kila kilo ya ziada atailipia mlimani.

Historia

Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliondoka San Francisco Aprili 1884 kwa baiskeli yenye gurudumu kubwa la mbele, akamaliza safari ya kuizunguka dunia mjini Yokohama, Japani, Desemba 1886. Mzigo wake ulikuwa mdogo mno: soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua alilolitumia pia kama hema.

Mwaka 1932 Wilf Carradice alianza kushona mabegi ya baiskeli mjini Nelson, kaskazini mwa Uingereza, kwa turubai zito la pamba. Nyuzi za pamba huvimba zikilowa na kuziba matundu ya kitambaa, hivyo mvua haipenyi kirahisi. Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, maelfu ya watu waliendesha katika njia ya Bikecentennial kati ya Oregon na Virginia, na mahitaji ya keria na mabegi imara yakaongezeka. Mjerumani Hartmut Ortlieb, baada ya kunyeshewa akiwa safarini Uingereza, alianzisha kampuni yake mwaka 1982 na kutengeneza mabegi kwa turubai la malori. Mwaka 2007, huko Anchorage, Alaska, Eric Parsons alianzisha kampuni inayojulikana leo kama Revelate Designs, iliyochangia sana kueneza mabegi yasiyohitaji keria.

Afrika Mashariki baiskeli ya mizigo ilikuwa chombo cha riziki kabla ya kuwa chombo cha utalii. Baiskeli nzito za chuma zimebeba mkaa, mikungu ya ndizi na madumu ya maji ya lita 20, zikifungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mpira huo una sifa ambayo kamba ya katani haina: hubana daima, hata mzigo ukijipanga upya kwa mtikisiko. Wasafiri wengi wa masafa marefu bado hufungia hema kwa mpira wa namna hiyo.

Mabegi ya pembeni

Mabegi ya pembeni huning'inia pande mbili za keria kama shogi mgongoni mwa punda. Jozi ya nyuma huwa na ujazo wa takriban lita 40, na ya mbele lita 25. Ni rahisi kuyapakia, na huondolewa kwa mkono mmoja msafiri anapofika nyumba ya wageni. Kasoro zake ni uzito, kwa kuwa jozi ya nyuma ya turubai hufikia karibu kilo 2 ikiwa tupu, na upana unaonasa upepo na vichaka.

Sehemu ya kukagua kwa makini ni ndoana. Begi zuri lina ndoana mbili za juu zinazojifunga zenyewe kwenye bomba la keria, na ulimi wa chini unaozuia begi kupeperuka. Keria nyingi imara zina bomba la milimita 10, ilhali ndoana huweza kupokea bomba nene zaidi. Kwa hiyo begi huja na vipande vidogo vya plastiki vya kuvalisha ndani ya ndoana. Wengi huviacha kwenye pakiti. Bila vipande hivyo ndoana hucheza, vumbi huingia katikati, na kila tikisiko hulisugua bomba mithili ya msasa mpaka chuma kiliwe.

Mabegi ya fremu

Aina hii hujumuisha begi la pembetatu katikati ya fremu, begi refu chini ya siti na furushi la kufunga mbele ya usukani. Ujazo wote kwa kawaida ni lita 30 hadi 50. Baiskeli hubaki nyembamba na nyepesi, na hupita vizuri kwenye vijia vya milimani na mchangani. Hufaa pia baiskeli isiyo na matundu ya kufungia keria. Gharama yake ni subira: kutoa shati moja kunaweza kudai kufungua furushi zima, na begi la chini ya siti likijazwa vitu vizito huyumba huku na huku kwa kila mzunguko wa pedali. Vitu vizito, kama vile spana, betri na maji, vikae kwenye begi la katikati.

Kitambaa na ufungaji

Turubai la polista lililopakwa plastiki, lenye mishono iliyounganishwa kwa joto na mdomo wa kukunja mara tatu au zaidi, huzuia mvua ya masika kabisa. Lakini kinachozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Nguo mbichi zikifungiwa humo hutoa harufu, hivyo wavu wa nje wa kuanikia ni wa lazima. Nailoni nene ni nyepesi na ina mifuko mingi, ila huhitaji kifuniko cha mvua. Zipu ndiyo adui wa njia za vumbi: meno yake hujaa mchanga na kuachia. Kifungio cha kukunja kwa klipu hudumu zaidi, na klipu ikivunjika fundi cherehani yeyote anaweza kushonea mkanda mpya.

Keria na mgawanyo wa uzito

Begi halizidi ubora wa keria yake. Keria ya aluminiamu ni nyepesi, lakini ikikatika barabarani ni wachache wanaoweza kuiunga. Ya chuma huchomelewa hata kwenye karakana ndogo ya kijijini. Bolti ndizo hulegea kwanza kwenye barabara ya changarawe. Zikaguliwe kila asubuhi, na za akiba zibebwe.

Mzigo wote ukirundikwa nyuma, usukani huwa mwepesi kwenye mpando na hutetemeka kwenye mteremko, na spoki za gurudumu la nyuma huanza kukatika, hasa za upande wa cheni. Kanuni inayotumika sana ni takriban asilimia 60 nyuma na 40 mbele, vitu vizito vikikaa chini karibu na usawa wa mhimili wa gurudumu, na kulia kulingane na kushoto. Begi dogo la usukani ni la pasipoti, fedha na simu, na mwenyewe huondoka nalo kila anaposhuka.

Kuchagua

Kwa barabara ya lami na nyumba za wageni, jozi ya nyuma pekee inatosha. Kwa miezi kadhaa yenye hema na mapishi, mabegi manne pamoja na la usukani yanafaa. Kwa vijia vya mawe, mabegi ya fremu hushinda. Urefu wa baiskeli nao huamua: baiskeli za safari huwa na sentimita 45 au zaidi kati ya mhimili wa katikati unaozungukwa na pedali na mhimili wa gurudumu la nyuma, ilhali kwenye baiskeli fupi kisigino hugonga begi. Kwa hiyo begi lijaribiwe dukani likiwa limejazwa, mnunuzi akiwa amekaa kwenye siti na kuzungusha pedali.

Jaribio la mwisho ni safari ya siku mbili karibu na nyumbani, yenye mzigo kamili na kipande cha barabara mbovu. Ndoana inayocheza, bolti inayolegea na begi linalogusa spoki hujitokeza mapema, fundi akiwa bado karibu.