Gofu ya kulipwa kwa wanawake: nani analipa nauli?

Kwenye kipindi chetu cha michezo cha Jumamosi, mama mmoja alitutumia ujumbe. Binti yake mwenye miaka 15 huenda kuokota mipira kwenye uwanja wa gofu ulio karibu na kwao, na mwalimu wa pale amemwambia ana mkono mzuri. Mama ameona kwenye simu kwamba wanawake wanaocheza gofu huko nje hulipwa mamilioni ya dola. Akauliza: ni kweli, na hiyo pesa inapatikanaje? Hewani tulijibu kwa dakika mbili tu. Hapa tuna nafasi zaidi.

Ni kweli. Mwaka 2024 mashindano ya U.S. Women's Open yalikuwa na zawadi za jumla ya dola milioni 12, na bingwa wake, Yuka Saso wa Japani, alipata dola milioni 2.4. Lakini tukiishia hapo, mama, tutakuwa tumekudanganya. Mchezaji wa gofu wa kulipwa hana mshahara. Hana klabu ya kumkatia tiketi na kumlipia hoteli, kama alivyo mchezaji wa Simba au Yanga. Yeye yuko kama mfanyabiashara wa magulio: wiki hii yuko huku, wiki ijayo yuko kule, nauli juu yake, chakula juu yake, malazi juu yake. Na anaweza kurudi mikono mitupu.

Wiki yake inakwendaje

Jumatatu ni siku ya kusafiri. Jumanne anauzoea uwanja, maana hakuna viwanja viwili vya gofu vinavyofanana. Kila kimoja kina miteremko yake, mchanga wake na upepo wake. Jumatano mara nyingi hucheza na wageni wa wadhamini. Siku hiyo kazi kubwa ni kutabasamu na kupiga picha, ila wadhamini ndio wanaotoa fedha za zawadi, kwa hiyo hakuna anayenuna. Alhamisi mashindano yanaanza: mashimo 18 kwa siku, zaidi ya kilomita nane kwa miguu, kwa muda wa saa nne au tano.

Ijumaa jioni ndiyo inayoliza watu. Kwenye LPGA, chama cha Marekani chenye mashindano makubwa zaidi ya wanawake, mashindano ya kawaida huanza na wachezaji wapatao 144. Baada ya siku mbili hufanywa mchujo. Wanaobaki ni 65 wa juu, pamoja na wale waliolingana na huyo wa 65. Hao ndio wanaocheza Jumamosi na Jumapili na kugawana fedha. Aliyeachwa kwa pigo moja tu anafungasha. Yapo mashindano machache makubwa yanayowapa walioachwa kifuta jasho, lakini kwa kawaida hawapati kitu. Tiketi ya ndege ameshalipa, hoteli ameshalipa, na wiki ijayo kuna safari nyingine.

Kuna na kedi. Huyu ndiye anayebeba mfuko wa fimbo, ambazo kwa sheria hazizidi 14, na kumshauri mchezaji apige vipi. Kwa desturi hulipwa ujira wa wiki, mchezaji apate asipate, halafu hupewa sehemu ya zawadi. Mchezaji akiwa bingwa, sehemu hiyo huwa kama asilimia 10. Kodi nayo ina chake. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani ameshinda kiasi fulani, hicho siyo kinachofika nyumbani kwake.

Kilifi, Rabat, Saudi Arabia

Tutoe mfano unaoanzia kwa jirani zetu. Februari 2023 mashindano ya wanawake ya Ulaya, Ladies European Tour, yalifungua msimu Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi, Kenya. Zawadi zote kwa pamoja zilikuwa yuro 300,000, na mshindi alikuwa Aditi Ashok kutoka India. Wiki iliyofuata msafara ulikuwa Rabat, Morocco, kwenye uwanja unaoitwa Royal Golf Dar Es Salam (jina tu, siyo Dar yetu). Wiki ya tatu ulikuwa Saudi Arabia, pwani ya Bahari ya Shamu, ambako zawadi zilikuwa dola milioni 5.

Nchi tatu ndani ya wiki tatu. Joto la pwani, baridi ya Rabat mwezi wa pili, kisha upepo wa jangwani, na kila mahali mwili unatakiwa uwe tayari Alhamisi. Tazama pia pengo la fedha. Nauli ya kwenda Kilifi haipungui eti kwa sababu zawadi za Kilifi ni ndogo.

Ambao bado hawajafika juu hali yao ni ngumu zaidi. Huko Marekani wengi huanzia ngazi ya pili, siku hizi inaitwa Epson Tour. Huko watu huendesha magari yao wenyewe kutoka jimbo hadi jimbo, fimbo nyuma ya gari, na wengi hulala kwa familia za wenyeji zinazojitolea chumba. Ukiwahi kuona kwaya ya kanisa inavyosafiri na kugawanywa kwa waumini, umeshaelewa. Tofauti ni kwamba kwaya huondoka pamoja, na huyu mara nyingi huondoka peke yake.

Waliotangulia

Mambo haya si mapya. LPGA ilianzishwa mwaka 1950 na wanawake 13, wakiwemo Patty Berg, Louise Suggs na Babe Zaharias. Mdogo wao, Marlene Bauer, alikuwa na miaka 16. Walisafiri kwa magari yao yakifuatana barabarani, na wakifika, waliandaa viwanja na kusimamia sheria wao wenyewe kabla ya kucheza.

Kwa mwanamke mweusi barabara hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Althea Gibson alikuwa ameshakuwa bingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 1957 na 1958. Mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kujiunga na LPGA. Hoteli nyingi zilimkataa. Viwanja vingine vilimzuia kucheza, na vingine vilimruhusu kucheza lakini siyo kuingia kwenye jengo la klabu, akawa anabadilisha nguo ndani ya gari lake. Fedha zote alizopata kwenye gofu hazikuzidi dola 25,000. Mwaka 1967 alifuata Renee Powell, naye akakuta milango ileile imefungwa.

Halafu kuna watoto, jambo ambalo kwa wachezaji wanaume huulizwa kwa nadra. Mwaka 1993 LPGA ilianzisha kituo cha kulelea watoto kinachosafiri pamoja na mashindano, ili mama aweze kumwacha mtoto asubuhi na kumchukua akimaliza mashimo yake. Juli Inkster alilea mabinti wawili huku akizunguka, na akashinda U.S. Women's Open mwaka 1999 na tena 2002. Wapo walioamua kuacha. Annika Sörenstam wa Sweden, mwenye ushindi 72 kwenye LPGA, alistaafu mwaka 2008 akisema anataka kuanzisha familia.

Sasa turudi kwa binti

Mama, kwa maoni yetu asiharakishe kuitwa mchezaji wa kulipwa. Kwanza acheze kama mchezaji wa ridhaa. Tangu 2022 sheria zinamruhusu kupokea zawadi ya fedha isiyozidi dola 1,000 kwa shindano. Shule asiiache kabisa, kwa sababu vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili wa masomo kwa wasichana wanaocheza gofu vizuri, na huwezi kuupata bila cheti cha sekondari. Pia kuna ualimu wa gofu, ambao haumtaki mtu kuishi uwanja wa ndege. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza gofu ya kulipwa, ameanzisha chuo cha kuwafundisha wasichana wasio na uwezo.

Kitu cha kufanya wiki hii ni kimoja. Mwombe mwalimu amchezeshe mashimo yote 18 na aandike kila pigo, bila huruma, halafu arudie mwezi ujao. Wanaoishi kwa gofu hurudi na mapigo 72 au pungufu, siku baada ya siku. Tuandikie amepata mangapi. Jumamosi tutayasoma hewani, bila kutaja jina lake.