Injini ya Mkebe wa Gesi

Kitu cha kwanza nilichofunzwa Meiringen ni kwamba majaji hawakuamini wewe, wanaamini karatasi zako. Unaweza kuleta ndege iliyokula jioni zako zote kwa miaka sita, kila ribiti mahali pake, lakini ukiulizwa rangi hii ya kijivu umeitoa wapi, lazima uonyeshe. Tena wanataka picha ya ndege yenyewe unayodai kuiga, yenye nambari ile ile mkiani, si ya dada yake waliyetoka naye kiwandani. Wanataka michoro ya pande tatu, na kipande cha rangi cha kulinganishia. Kama huna picha ya tumbo la ndege, basi kila ulichochora tumboni ni hadithi tu, na hadithi haina alama.

Mashindano yenyewe yanaitwa Jet World Masters, ubingwa wa dunia wa modeli za ndege za jeti. Yalianza mwaka 1995 huko Ujerumani, na mwaka 2013 yakafika Uswisi, kwenye uwanja wa jeshi wa Meiringen, bonde jembamba lenye kuta za mawe pande zote mbili. Nilikuwa nchi hiyo kwa kazi ya ukalimani, nikabaki na siku tatu mkononi, na binamu yangu anayeishi Bern akanisukuma kwenye treni. "Wewe si ndiye ulikuwa unachora ndege nyuma ya daftari?" akasema. Basi nikaenda.

Yeyote anayedhani hivi ni vitu vya watoto, hebu asimame kando ya barabara ya kurukia moja ikiwashwa. Kwanza kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unapanda, unapanda, halafu hewa ya nyuma inaanza kutetemeka na pua inajaa harufu ya mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa yale yale ya stovu, yaliyochanganywa na oili kidogo ya kulainisha beringi. Modeli zinagawanywa kwa uzito: daraja la kilo 13.5 na lile la kilo 20, kabla ya kutia mafuta. Baada ya kukaguliwa chini, zinarushwa, na hapo pia majaji hawataki sarakasi. Ndege ya abiria ipinde kama ndege ya abiria. Ya vita ipite chini, igeuke, ishushe magurudumu kwa mwendo unaoendana na umbo lake. Rubani aliyejisahau akaikimbiza kama nyigu anakatwa alama.

Lakini mimi si mtu wa alama. Kilichonishika ni swali la injini. Iliwezekanaje kitu kilichozuia serikali usingizi, kilichogharimu mataifa tajiri mamilioni, kikaishia kwenye begi la mstaafu aliyevaa kofia ya jua?

Tukumbuke ilivyoanza. Frank Whittle, kijana wa jeshi la anga la Uingereza, aliomba hataza ya injini ya jeti mwaka 1930. Mwaka 1935 hataza ikaisha muda kwa sababu wizara haikutaka kulipa ada ya pauni 5, naye mfukoni hakuwa nazo za kuchezea. Injini yake iliunguruma kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1937. Kufikia hapo Hans von Ohain alikuwa anafanya lake Ujerumani, na ndege yake, He 178, ndiyo iliyotangulia kuruka kwa jeti, tarehe 27 Agosti 1939, siku tano kabla ya Hitler kuivamia Poland. Tangu hapo jeti ikawa mali ya majeshi.

Wapenda modeli nao walitaka yao. Baada ya vita, Wamarekani waliuziwa injini ndogo ya mpigo, mjukuu wa ile iliyosukuma mabomu ya V-1 kwenda London mwaka 1944. Ni bomba lenye vali, linalolipuka mara nyingi kwa sekunde na kuwa jekundu kama mkaa. Linatoa kelele ya kuamsha mtaa na joto la kuchoma ndege yenyewe. Wengine wakaweka feni ndani ya bomba, ikizungushwa na injini ya pistoni. Kwa mbali ndege ilionekana jeti, lakini sauti ilikuwa ya msumeno wa kukata miti. Wataalamu walisema turbini ya kweli haiwezi kupunguzwa hadi ukubwa wa chupa. Hesabu zilikuwa upande wao pia, maana kadiri gurudumu linavyokuwa dogo ndivyo hewa inavyovujia kando, na ndivyo lazima lizunguke kasi zaidi. Hata hivyo mwaka 1983 Waingereza walirusha modeli yenye turbini iliyochoma gesi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wafaransa wakaleta moja ya kuuzwa, nayo ya gesi, ghali, isiyo ya watu wa kawaida.

Aliyevunja ukuta ni Mjerumani, Kurt Schreckling. Hakusubiri madini ya roketi. Gurudumu la kusukuma hewa alilichonga kwa plaiwudi, akalifunga nyuzi za kaboni lisipasuke. Gurudumu la nyuma, linalopigwa na moto, alilikata kutoka bamba la chuma na kukunja mapanga yake kwa mkono. Ikafanya kazi, kwa mafuta ya majimaji, bila gesi. Halafu akafanya jambo ambalo ndilo hasa lililobadilisha mambo: akaandika kitabu, na michoro ndani, mtu yeyote mwenye mashine ya kukereza chuma aweze kufuata. Baadaye kidogo Thomas Kamps na wenzake wakatoa injini iliyojulikana kama KJ-66. Hiyo 66 ni milimita, upana wa gurudumu la hewa lililong'olewa kwenye tabo ya injini ya gari. Ganda lake la nje? Mkebe wa gesi ya kupikia kambini. Ndani ya mkebe huo kitu kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Nilipoelezwa hayo na mzee mmoja Mwingereza, mikono yake imejaa makovu madogo ya moto, nilicheka peke yangu. Tabo kuukuu, mkebe, bamba la chuma, patasi. Nikawaza Kamukunji, wale mafundi wanaogonga pipa la lami mpaka linakuwa sanduku la bati au jiko. Kila miaka michache televisheni zetu huonyesha kijana wa kijijini aliyeunda ndege kwa injini ya kuokoteza. Msomaji wa habari anatabasamu. Ndege inakimbia shambani, hairuki, watu wanashangilia hata hivyo, na mwaka ukiisha hakuna anayeuliza ilifika wapi. Sisemi vijana hao wote wangeruka. Nasema hakuna anayeketi nao na kitabu cha michoro. Schreckling alikuwa na klabu, jarida la kusoma, mtu wa kumkosoa, na kiwanja ambapo kurusha kitu si kosa. Kwetu, kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani zinataka usajili na vibali hata kabla hujajua kitu chako kitapaa. Sababu ninazielewa, Mkenya gani asiyezielewa? Lakini elimu ya aina hii huanzia kwa mtu anayecheza.

Na mchezo huu haujawahi kuwa mbali na bunduki. Hapa ndipo historia inapopendeza na kutisha kwa pamoja. Reginald Denny, mwigizaji Mwingereza aliyewahi kupigana angani katika Vita vya Kwanza, alifungua duka la modeli Hollywood miaka ya 1930. Akaona kwamba ndege ndogo ya rimoti ingewafaa wapiga mizinga kama shabaha. Kampuni yake, Radioplane, iliuzia majeshi ya Marekani karibu 15,000 wakati wa Vita vya Pili. Mmoja wa wasichana waliozifunga kiwandani alipigwa picha na mpiga picha wa jeshi karibu na mwisho wa vita, na picha hizo zikamfungulia njia. Ulimwengu unamjua kwa jina la Marilyn Monroe. Mwaka 1952 Radioplane ikanunuliwa na Northrop.

Northrop ndio waliotengeneza F-5.

Yule mzee wa makovu alikuwa ameleta F-5E Tiger, ya Uswisi, msalaba mweupe mkiani, ndefu kuliko mimi. Uwanjani hapo ilikuwa nyumbani. Uswisi ilinunua ndege 110 za aina hiyo, na Yves Rossy, rubani wao wa zamani aliyezirusha, ndiye aliyejifunga bawa mgongoni lenye injini nne za modeli na kuvuka bahari kutoka Calais hadi Dover tarehe 26 Septemba 2008, chini ya dakika 10. Injini za wachezaji zilimbeba mtu. Siku hizi zinabeba mengine. Mwezi Agosti 2024 Ukraine ilitangaza silaha yake mpya, Palianytsia, droni ya masafa marefu inayosukumwa na turbojeti ndogo. Duka la Denny bado lina wateja.

Nilimwambia mzee kwamba Kenya pia ilinunua F-5E, miaka ya 1970 ikielekea mwisho, na zikakaa Nanyuki. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alijua! Tena ndiyo ndege aliyotaka kuiga kwanza, yenye ngao na mikuki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuileta. Alikuwa na picha mbili za ubavu, basi. Za tumbo hana, za chini ya bawa hana. Aliandikia watu, hakujibiwa. Akaamua kuiga ya Uswisi, ambayo imepigwa picha hadi kwenye skrubu.

Nilijua kwa nini. Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege hizo. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, marubani wa Nanyuki walilazimishwa kuruka kwenda kupiga Nairobi, na mabomu wakayamwaga kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jeshi la anga likavunjwa, likaundwa upya na kuitwa '82 Air Force hadi mwaka 1994. Nyumbani kwetu haya hayasimuliwi hivyo. Yanasimuliwa kuwa wiki ile shangazi alikusanya picha zote zenye ndege au sare, pamoja na moja ya harusi kwa sababu bwana harusi alikuwa amevaa kofia, akazitia jikoni zikaiva pamoja na maharagwe. Hakuna aliyemtuma. Familia ngapi zilifanya vivyo hivyo, hatuwezi kujua, kwa sababu ile ile. Na kwa kuwa kambi za jeshi si mahali pa kupiga picha, hakuna mpita njia aliyebaki na nakala.

Kwa hiyo ndege ile, iliyobadilisha nchi kwa kutofanya ilichoamriwa, haiwezi kusimama mbele ya majaji wa Meiringen. Haina karatasi. Mwanahistoria anaweza kuzungumza na watu, akapima maneno ya huyu kwa ya yule. Jaji wa modeli hana muda huo, na sidhani anakosea, maana bila sheria yake kila mtu angepaka alichoota. Ila nilisimama pale nikiona kwamba nchi zilizojipiga picha zitaendelea kuigwa, na watoto watazijua mpaka rangi ya ribiti.

Niliporudi nilikwenda kwa mjomba. Macho yake yamefifia lakini mikono bado. Nilimweleza habari ya mzee, ya picha, ya tumbo la ndege.

"Sasa mwanangu, anataka nini hasa? Upande wa kulia au wa kushoto?"

Nikasema pande zote.

Akaomba kalamu na karatasi za fotokopi. Alichora kwa siku mbili, akisimama kunywa chai. Vifuniko vyote vya chini vikawa mahali pake, na kile kilichokuwa kikikwama kila asubuhi kwa baridi ya Nanyuki akakitia alama ya msalaba. Akachora mstari mweusi wa oili nyuma ya injini ya kushoto, ulivyokuwa ukitiririka na kupinda kidogo kuelekea mkiani. Rangi akaziandika kwa maneno: kijivu cha tumbo la hua, si cha simiti. Chini ya kila karatasi akaweka nambari ya ndege. Jina lake hakuliandika.

Nilizipiga picha kwa simu nikazituma. Mzee alijibu siku hiyo hiyo, barua ndefu ya shukrani, akauliza maswali kumi na moja. Swali la mwisho lilikuwa kama kuna njia yoyote ya kupata picha halisi, hata moja, hata ya kufifia, kwa sababu mchoro uliotoka kichwani mwa mtu haupokelewi.