Kabla ya Ruta: Historia Fupi ya Intaneti Isiyo na Waya Majumbani, Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Historia nyingi za intaneti ya nyumbani zilizoandikwa Ulaya na Marekani hufuata mfululizo mmoja. Kwanza waya wa simu huingia ndani ya nyumba, kisha intaneti hupita katika waya huo, na mwishowe waifai huondoa mita chache zilizobaki baina ya ukuta na kompyuta. Kiwango cha 802.11 cha mwaka 1997, pamoja na jina Wi-Fi lililoanza kutumika mwaka 1999, vilizaliwa katika mazingira hayo. Makala haya yanadai kwamba mfululizo huo haufai kuielezea Bariadi. Mtafiti anayeutumia huishia kusema kwamba Simiyu ilichelewa, na hapo uchunguzi wake hukoma.

Jambo la kuanzia ni waya ambao haukuwapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma ya simu Tanzania Bara ilibaki mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, hadi mageuzi ya miaka ya 1990 yalipoikabidhi kwa TTCL. Katika miji midogo laini ya mezani ilikuwa kwa kawaida mali ya ofisi au biashara. Nyumba ya kuishi iliyokuwa nayo ilikuwa ya kipekee. Tena, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, amri iliyolegezwa polepole baadaye. Hivyo kizazi kizima katika nchi hii ya pamba, wakati huo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kilikua bila laini nyumbani na bila kompyuta ya kuunganisha.

Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010, wakati Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukijengwa kuelekea mikoani. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Katika miaka hiyo modemu ya kuchomeka ilihudumia kompyuta moja tu. Badiliko kubwa lililetwa na simujanja yenye uwezo wa kugawa intaneti kwa vifaa vingine. Ruta ya kwanza ya kaya nyingi ilikuwa simu ya mzazi, nayo ilitoka nyumbani kila asubuhi pamoja na mwenyewe.

Hapa vyanzo vyetu vina kasoro. Takwimu za TCRA huhesabu laini zilizosajiliwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu, na laini moja inaweza kuhudumia watu sita jioni. Sensa ilihesabu wakazi 1,584,157 mkoani mwaka 2012 na 2,140,497 mwaka 2022, lakini kuzigawanya laini kwa idadi hiyo hakutuambii nani alikuwa ameunganishwa, wala kwa saa ngapi.

Mashine za gemu zinaonesha jambo hili vizuri zaidi kuliko kompyuta. PlayStation 2 ya mwaka 2000 haikuwa na waifai, na haikuihitaji: pedi mbili, runinga moja, na katika vibanda vya mtaani malipo kwa mchezo. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuja na matarajio mengine. Toleo lake la kwanza lilipokea masafa ya 2.4 GHz pekee, hivyo ruta iliyowekwa kurusha 5 GHz tu haikuonekana kabisa kwenye orodha yake. Ukuta mnene wa tofali ulipunguza mawimbi. Hata baada ya kuunganishwa, mitandao ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti, hali inayoweza kuizuia mashine kupokea wachezaji kutoka nje. Mtumiaji aliyebadilisha nywila mara kumi alikuwa akitafuta kosa ndani ya nyumba ilhali chanzo kilikuwa kwa mtoa huduma. Juu ya yote, maboresho ya gemu moja yanaweza kufikia gigabaiti nyingi, na bando lililonunuliwa kwa ajili ya kazi za shule likaisha kabla ya chakula cha jioni. Si ajabu kwamba nywila ikawa suala la mamlaka ya mzazi kuliko la usalama.

Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini, na intaneti ikadhoofika sana nchini kote. Ruta iliweza kuendelea kuwaka taa, na simu kuonesha alama kamili za waifai, kwa kuwa alama hizo hupima umbali wa chumba kimoja tu. PlayStation 2 yenye pedi mbili haikuguswa na tukio hilo.