Maandishi ya Saa za Glashütte na Mitego ya Mfasiri

Glashütte ni mji mdogo wa Sachsen, kusini mwa Dresden. Jina lake lina maana ya kiwanda cha kioo, ila sifa yake ni saa. Ferdinand Adolph Lange alifungua karakana yake huko mwaka 1845, kwa mkopo wa serikali ya Ufalme wa Sachsen, akaanza kuwafunza vijana wa mahali hapo. Maneno yanayochongwa juu ya saa hizo kwa mnunuzi ni pambo. Kwa mfasiri aghalabu ni mitego.

Tuanze na jina la mahali. Saa kongwe ziliandikwa "Glashütte B/Dresden", yaani karibu na Dresden. Baadaye ukaenea ufupisho "I/SA", yaani "katika Sachsen". Kampuni ya ukoo wa Lange ilitaifishwa mwaka 1948, na mwaka 1951 viwanda vya saa vya mji huo vikaunganishwa kuwa shirika moja la umma. Mwaka uliofuata Ujerumani ya Mashariki iliyavunja majimbo yake, Sachsen ikiwa mojawapo, na jimbo hilo halikurejea katika ramani ya utawala hadi Oktoba 1990. Walter Lange, kitukuu cha mwasisi, aliiandikisha upya kampuni Desemba mwaka huo huo. Saa zake za kwanza zilipotolewa Oktoba 1994, herufi zile zilikuwa usoni mwake, zikitaja jimbo ambalo kwa miaka 38 halikuwapo kisheria. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka zifasiriwe palepale zilipo. Zibaki zilivyo, maelezo yaandikwe kando. Tangu mwaka 2022, isitoshe, jina la Glashütte linalindwa na kanuni ya serikali ya Ujerumani, na hatuna idhini ya kulibadili kwa kalamu.

Maneno ya ufundi ni jambo jingine. Usoni mwa saa iitwayo Lange 1 limeandikwa neno "Doppelfederhaus". Neno "Feder" kwa Kijerumani ni unyoya, na pia ni kamani. "Haus" ni nyumba. Mwenye kamusi ndogo atatupatia nyumba ya manyoya mawili! Kinachotajwa ni vijumba viwili vya duara, kila kimoja kikiwa na kamani iliyojikunja ndani yake. Napendekeza "kijumba cha kamani", maana Kiswahili kina neno "kamani" tangu zamani na hapana haja ya kukopa.

Hatari zaidi ni "Neusilber", madini ya mabamba ya ndani. Tafsiri ya neno kwa neno ni "fedha mpya", lakini hamna fedha hata chembe: ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Afisa wa forodha akisoma "fedha" katika hati iliyofasiriwa hivyo, atakadiria ushuru wa kitu kisichokuwamo.

Halafu kuna "AUF" na "AB", pande mbili za kipimo kinachoonyesha nguvu iliyosalia katika kamani. Kamusi husema "juu" na "chini", nasi tungeweza kuridhika. Lakini kinachopimwa si kimo. "AUF" ni saa iliyojazwa. "AB" ni saa inayokaribia kusimama. Watu wetu husema saa imetiwa ufunguo, au imekwisha ufunguo, na sioni sababu ya kutafuta istilahi mbali zaidi ya hapo.