Vivumishi vya Kihispania na Historia Iliyomo Ndani Yake

Mfasiri akikutana na jina geni au kitenzi kigumu, hufungua kamusi. Akikutana na kivumishi hukipita haraka, kwa kudhani kwamba anakijua. “Tajiri”, “maskini”, “huru”, “-zee”: ni nani asiyeyafahamu maneno haya? Hata hivyo makosa mengi ya tafsiri hujificha papo hapo.

Katika makala haya tutatazama vivumishi vichache vya kawaida vya Kihispania. Tumekichagua Kihispania kwa sababu mbili. Kwanza, ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru mwaka 1968. Na itifaki ya Umoja wa Afrika iliyopitishwa mwaka 2003 ilikitaja Kihispania pamoja na Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Haitakuwa ajabu, basi, hati za Kihispania zikiletwa kwa mfasiri wa Kiswahili bila kupitia Kiingereza. Pili, baadhi ya vivumishi hivyo ni ndugu wa damu wa maneno yetu wenyewe, ila wamelelewa katika nyumba nyingine.

Tuanze na mahali pa kivumishi. Kwa kawaida kivumishi cha Kihispania hufuata jina, kama chetu. Lakini vivumishi kadhaa huweza pia kulitangulia, na vikilitangulia maana hugeuka. “Hombre pobre” ni mtu asiye na mali. “Pobre hombre” ni mtu wa kuhurumiwa, hata kama ana majumba. “Noticia cierta” ni habari ya hakika. “Cierta noticia” ni habari fulani tu. Mtumishi wa serikali anayesoma “ciertas cifras” akaandika “takwimu za hakika” amekwisha kuahidi jambo ambalo hati yenyewe haikuliahidi. Kadhalika “antiguo ministro” ni mtu aliyepata kuwa waziri, na huenda bado ni kijana. Rasimu moja niliyoisahihisha ilimwita “waziri wa kale”, kana kwamba aliwatumikia Mafarao.

Msomaji wa Kiswahili asistaajabu sana. “Juma ni maskini” na “Maskini Juma!” ni semi mbili tofauti. Ya kwanza yazungumzia mali ya Juma. Ya pili yaonyesha huruma ya msemaji.

Jambo la pili ni kitenzi kinachoandamana na kivumishi. Kihispania kina vitenzi viwili vya “kuwa”. “Ser” kimetokana na “esse” na “sedere” vya Kilatini, navyo viliungana. “Estar” kimetokana na “stare”, yaani kusimama. Kwa jumla, cha kwanza hueleza jinsi kitu kilivyo, na cha pili hueleza hali kiliyomo. “Es listo” maana yake ni mwerevu. “Está listo” maana yake yu tayari. “Es vivo” ni mjanja. “Está vivo” yu hai. Mfasiri anayepitia lugha yenye kitenzi kimoja tu cha “kuwa” huweza kuipoteza tofauti hii njiani, ilhali Kiswahili kina njia zake za kuieleza.

Sasa tuingie katika historia, maana ndiyo iliyozizaa maana hizi nyingi. Neno “rico” lina asili ya Kigothi. Wagothi waliitawala Hispania baada ya kuanguka kwa dola ya Kirumi ya Magharibi, na katika lugha yao mzizi wa neno hilo ulikuwa na maana ya mwenye nguvu au mtawala. Katika Zama za Kati “ricohombre” wa Kastilia alikuwa mtu wa daraja la juu kabisa la ukabaila. Baadaye ukubwa ukapimwa kwa mali, na “rico” akawa tajiri. Leo chakula kikisemwa “está rico”, maana yake ni kitamu. Neno moja limetoka katika baraza la watawala likafika jikoni.

Mwenzake, “mezquino”, ametoka mbali zaidi. Mwaka 711 majeshi ya Waarabu na Waberberi yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini yakaingia Hispania. Utawala wa Kiislamu huko, uliozidi kupungua eneo, haukwisha mpaka Granada iliposalimu amri mwaka 1492. Katika karne hizo Wahispania walichukua maneno mengi ya Kiarabu. “Miskin” lilikuwa mojawapo, ndilo lile lile lililotupatia sisi “maskini”. Mwanzoni “mezquino” alikuwa fukara na mnyonge, sawasawa na maskini wetu. Katika Navarra na Aragon jina hilo lilitumika pia kwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana wao. Kisha huruma ikageuka lawama; mnyonge akahesabiwa kuwa na moyo mdogo. Leo “mezquino” ni bahili au mtu mwenye roho ndogo, na “salario mezquino” ni mshahara duni wa kudharauliwa. Huko Meksiko neno hilo ni jina la chunjua.

Hatari kwa mfasiri Mswahili ni dhahiri. Akisikia mlio wa “maskini” ndani ya “mezquino”, ataandika kwamba fulani ni maskini, kumbe mwandishi amemshutumu kwa ubahili. Mtu wa kulaumiwa atakuwa amegeuzwa kuwa mtu wa kusaidiwa.

Mfano wa mwisho ni “horro”, kutokana na “hurr” ya Kiarabu, asili ya “huru” yetu. Huko Hispania “horro” alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake. Katika neno hilo kikazaliwa kitenzi “ahorrar”, kumwacha mtumwa huru, ambacho baadaye kilimaanisha kumwondolea mtu mzigo au gharama, na leo ni kuweka akiba. “Horro” lenyewe limekuwa adimu. Wafugaji hulitumia kwa kondoo au farasi jike asiyeshika mimba. Katika Pwani yetu pia “huru” lilitumika kwa mtumwa aliyeachwa na bwana wake, mtu mmoja mmoja. Lakini kwetu “uhuru” ulipanuka ukawa wa taifa zima, na tarehe 9 Desemba, 1961, Mwenge wake ukawashwa juu ya Kilimanjaro. Mzizi ni mmoja. Kule umeishia katika kibubu cha fedha, huku umefika kileleni mwa mlima.

Tunajifunza nini? Chuo cha Lugha cha Hispania kilianzishwa mwaka 1713, na kamusi yake ya kwanza ilitolewa katika juzuu 6 kati ya mwaka 1726 na 1739. Watungaji wake waliambatanisha maana za maneno na ushahidi wa maandishi ya watu waliolitumia neno. Nasi twapaswa kufuata njia hiyo tunapotunga orodha za istilahi. Orodha yenye neno moja kushoto na neno moja kulia yaweza kutosha kwa jina la chombo au la mmea. Kwa kivumishi haitoshi. Yafaa kila kivumishi kiandikwe pamoja na jina kinachokisifu, mahali kinapokaa, kitenzi kinachoandamana nacho, na zama za matumizi yake. Mwalimu naye afundishe hivyo hivyo, kwani mwanafunzi aliyekariri kwamba “pobre” ni “maskini” amejifunza nusu tu ya neno.

Kazi hii ni ya polepole, na hati mara nyingi hutakiwa upesi. Lakini aliyeitwa maskini badala ya bahili, au waziri wa kale badala ya aliyepata kuwa waziri, hatauliza tafsiri ilichukua siku ngapi. Atauliza ni nani aliyeiandika.