Ukurasa wa shukrani: nani anatajwa, nani analipa bili ya umeme

Haya jamani, nimekuwa kimya wiki mbili na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Bado nipo Mlimani, nahangaika na ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho. Sura zote tano zimekaa sawa. Kilichonikwamisha, amini usiamini, ni ukurasa mmoja tu wa mwanzo, ule wa shukrani.

Kisa chenyewe ni hiki. Sisi wanne tumetengeneza mfumo mdogo wa kutunza kumbukumbu za zahanati. Kampuni moja (siitaji) ilitupa fulana nne na kalamu siku ya maonyesho, ikataka nembo yake ikae juu kabisa ya bango na kwenye ripoti pia. Upande wa pili kuna mama mmoja mwenye stationeri mtaani tunakopanga. Ana jenereta, na umeme ukikatika alikuwa anatuachia tuchomeke kompyuta zetu hadi saa nne usiku bila kudai hata mia. Halafu chini ya mfumo wetu wote kuna programu huria tupu: Linux, Apache na nyinginezo, ambazo hatujazilipia hata senti.

Mwenzetu mmoja akasema, "Wewe weka wenye nembo, hao wengine nani atakwenda kuwaambia?" Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikaona badala ya kugombana, ngoja nisome hao wenye programu huria wenyewe wamekuwa wakiwashukuru vipi wanaowasaidia. Maana programu huria, kwa asiyejua, ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kitu cha bure namna hiyo lazima kuna mahali kinaegemea. Nilichokikuta kimenifanya nisilale, na ndicho ninachowaletea leo.

Tuanzie Berkeley

Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Marekani. Mwaka 1978 mwanafunzi mmoja, Bill Joy, alianza kugawa kanda zenye programu za kuongezea kwenye Unix, ambayo yenyewe ilikuwa mali ya AT&T. Mwanafunzi, ndugu zangu, kama mimi na wewe. Kazi ikakua. Kuanzia 1980 fedha zikawa zinatoka DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, na mwaka 1983 likatoka toleo la 4.2BSD likiwa na TCP/IP ndani yake, yaani ile lugha ambayo intaneti inaizungumza hadi leo.

Mwaka 1989 wakatoa sehemu ya kazi yao isiyo na msimbo wa AT&T, wakaiachia watu wote. Masharti yao yalikuwa machache mno: tumia, badilisha, hata uza ukitaka, ila majina yetu yabaki. Lakini ndani ya leseni iliyokuja kujulikana kama BSD kulikuwa na sharti moja la ziada. Tangazo lolote la biashara litakalotaja programu hiyo lilipaswa kubeba sentensi ya kusema kwamba ndani yake mna kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na waliochangia.

Ukiangalia haraka haraka utasema ni haki yao. Sentensi moja ina uzito gani? Tatizo ni kwamba wengine walinakili leseni ile, wakafuta jina la Berkeley na kuweka la kwao. Kila aliyeongeza kipande akadai sentensi yake. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alikwenda kuhesabu kwenye toleo moja la NetBSD la mwaka 1997 akakuta sentensi 75 za namna hiyo. Sabini na tano! Hebu fikiria tangazo la redio linalotakiwa kutaja wafadhili 75 kabla halijasema bei. Harusi zetu zenyewe mshereheshaji hafikishi majina hayo, na watu wanakuwa wameshamaliza pilau.

Zaidi ya hapo, sharti lile liligongana na leseni ya GPL ya akina Stallman, hivyo misimbo ya pande mbili haikuweza kuchanganywa kihalali. Alilipigia kelele kwa muda mrefu, na tarehe 22 Julai 1999 William Hoskins, mkurugenzi wa ofisi ya leseni pale chuoni, akalifuta. Angalieni kilichobaki lakini. Majina ya waandishi ndani ya msimbo wenyewe yalibaki na yanatakiwa kubaki. Kilichoondoka ni ile shukrani ya kulazimishwa hadharani.

Mfadhili akinuna

Kutoka kwenye ukoo huo huo wa BSD kuna OpenBSD, iliyoanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995 kule Calgary, Canada. Hawa ndio waliotupa OpenSSH, ile programu ambayo kila anayeingia kwenye seva akiwa mbali anaitumia, awe anajua au hajui.

Mwaka 2001 wakaanza kupata fungu la fedha za DARPA kupitia Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mambo yakawa mazuri. Kisha ikaja Aprili 2003, vita vya Iraq vimepamba moto, de Raadt akahojiwa na gazeti la Globe and Mail akasema wazi kwamba asili ya fedha hizo inamkosesha raha. Haikupita muda, fedha zikakatwa.

Hapa nilisimama kidogo nikatafakari. Nani alikosa? Wapo watakaosema shukrani ya punda ni mateke. Mimi sioni hivyo. Kama kumshukuru mfadhili maana yake ni kufunga mdomo, basi hiyo siyo shukrani tena, ni mkataba wa kunyamaza ambao haukuandikwa. Lakini tuseme ukweli, mkono mtupu nao haulambwi. Mwanzoni mwa 2014 mradi huo huo ulijikuta unaomba dola 20,000 kwa ajili ya bili ya umeme wa mashine zao, wakati makampuni makubwa duniani yalikuwa yanaitumia OpenSSH kila siku. Umeme jamani! Nilipofika hapo nikamkumbuka yule mama wa stationeri na jenereta lake.

Asante ya maandishi

Sasa njooni kwenye kisa kilichonikata maini zaidi. OpenSSL. Hii ni programu inayofunga mawasiliano yenu mkiwa benki mtandaoni au kwenye barua pepe, ili mtu wa katikati asisome. Mradi ulianza Desemba 1998 na leseni yake ilirithi sharti lile lile la Berkeley: ukiitangaza bidhaa inayoitumia, sema kwamba ndani mna kazi ya mradi wa OpenSSL.

Makampuni yakatii. Sentensi ile ikachapwa kwenye vijitabu vya maelekezo duniani kote, kwa herufi ndogo za mwisho mwisho ambazo hakuna anayezisoma. Kwa hiyo ukiuliza kama OpenSSL ilikuwa inatajwa, jibu ni ndiyo, sana tu.

Tarehe 7 Aprili 2014 ikatangazwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwemo tangu toleo la Machi 2012. Mtu wa nje aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa mchoto mmoja, na humo mkawemo nywila na funguo za siri. Dunia ikachanganyikiwa. Watu walipogeuka kuuliza nani anaitunza programu hii, wakakuta ni kikundi cha watu wachache, na aliyekuwa anaifanya kazi hiyo muda wote ni mmoja tu! Steve Marquess, aliyekuwa anashughulikia fedha zao, akaeleza kwamba michango ya hiari ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Zilizobaki walizitafuta kwa kufanya vibarua vya mikataba.

Dola elfu mbili. Kwa kitu kilichokuwa kinalinda mabenki.

Baada ya aibu ile mambo yalikwenda haraka. Mwezi huo huo wa Aprili Linux Foundation ikatangaza mfuko maalumu, na Google, Microsoft, Facebook, IBM, Intel, Amazon na wengine wakaahidi angalau dola 100,000 kwa mwaka kila mmoja kwa miaka mitatu. Majina yao yakatangazwa kwa heshima, na sawa, walistahili. Lakini ndipo unapoona kasoro ya mambo: miaka yote ile shukrani ilikuwepo kwa mujibu wa leseni, ikachapwa vizuri, na mtu aliyeshukuriwa alikuwa anahangaika peke yake. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 lilitoka chini ya leseni ya Apache, na ile sentensi ya lazima ikapumzishwa.

Kuhusu hao Apache, wao nimewapenda kidogo. Shirika lao lilianzishwa 1999, na wafadhili wao wanatajwa wazi kwa ngazi: platinamu, dhahabu, fedha na shaba. Mtu anajua nani katoa kikubwa. Ila kutoa fedha hakumpi mfadhili sauti juu ya msimbo. Anayepata sauti ni mtu binafsi aliyefanya kazi ikaonekana, na akihama kampuni anahama nayo. Yaani wametenganisha vitu viwili ambavyo sisi huku tunavichanganya kila siku: aliyetoa na aliyetenda. Wote wanaheshimiwa, kila mmoja kwenye daftari lake.

Na hapa kwetu Mlimani

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2004, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ilishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, kwa msaada wa Sida, kwenye mradi wa Kilinux. Wakaitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili na kuipa jina la Jambo OpenOffice. Watu walikaa chini wakabishana neno moja moja, hili tuliiteje, lile tuliiteje, ili mtu wa Kigoma au wa Pemba afungue kompyuta akute lugha yake.

Sasa ihesabuni mikono iliyofika kwenye menyu ile. OpenOffice.org ilitokana na StarOffice ya kampuni ya Ujerumani, StarDivision. Sun Microsystems ya Marekani ikainunua 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo. Wasweden wakaleta msaada, Watanzania wakaleta lugha. Kisha Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010. Mwaka huo huo wengi wa waliokuwa wanaijenga wakaondoka kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 Oracle ikakabidhi OpenOffice kwa Apache.

StarDivision haipo. Sun haipo. Niliwauliza wanafunzi wenzangu saba jana pale kantini kama wanajua Jambo OpenOffice. Mmoja akadhani ni jina la mgahawa. Teh teh! Nilicheka, halafu nikaona kwamba sicheki tena, maana waliofanya kazi ile walikaa kwenye majengo haya haya tunayokaa sisi.

Na hapo ndipo nilipouelewa ukurasa wa shukrani. Makampuni yanauzwa, wafadhili wanaondoka, mradi unakwisha muda wake. Atakayekuja miaka ishirini baadaye kutaka kujua kazi hii ilisimamaje, mahali pake pa kwanza pa kuangalia ni ukurasa ule. Ukiandika nembo ya mwenye fulana peke yake, umeandika historia ya uongo, na hakuna atakayekuja kuirekebisha.

Nilichoandika

Nikarudi kwa wenzangu na pendekezo: kila anayetajwa, andika alifanya nini hasa, na herufi ziwe saizi moja kwa wote. Tukaandika hivi. Mama wa stationeri, kwa umeme wa jenereta lake kila ulipokatika, tangu Januari hadi Mei. Zahanati, kwa kutuonyesha madaftari yao na kutuvumilia. Watunzaji wa Linux, Apache na programu zingine tulizotumia, kila moja kwa jina lake na toleo lake. Na ile kampuni, kwa fulana nne na kalamu.

Mwenzetu yule akasema kampuni itachukia ikisoma. Nikamwambia sijaongeza wala kupunguza, kama inaona aibu mwakani ilete jenereta.

Msimamizi wetu aliusoma ukurasa ule akacheka peke yake, akauliza, "Huyu mama mmemwambia?" Tukakaa kimya. Akasaini, akaturudishia, akasema tumchapie nakala yake.

Jioni tukaenda. Alivaa miwani, akausoma mara mbili, kisha akatuuliza mbona hatukusema mapema, angetuchapia mwenyewe bure. Karatasi ameibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi, na leo mchana nimekuta ameiweka ndani ya plastiki.

Ngoja nikalale, kesho kuna lekcha saa moja asubuhi.